Nyimbo Zilizotutangulia Minnesota

Wengi wetu tuliofika Miji Pacha tukitokea Bukoba, Moshi, Iringa, Nairobi au Kisii tunaikumbuka Pasaka yetu ya kwanza hapa kwa sababu ya theluji. Kwetu Pasaka huja na masika, mahindi yameshaota na njia ya kwenda kanisani ni tope tupu. Hapa tulivaa makoti mawili mawili, tukaegesha magari kando ya vilima vya theluji iliyochafuka. Tulikuwa bado hatujawa na ibada ya Kiswahili, hivyo tukaalikwa katika usharika mmoja wa Wamarekani upande wa St. Paul, tukakaa viti vya nyuma kama wageni wanavyokaa. Kinanda kikapigwa. Ulipofika wimbo wa tatu au wa nne, mama mmoja wa Kihaya aliyekuwa katikati yetu aliacha kuhangaika na maneno ya Kiingereza, akafunga kitabu, akaimba kwa Kiswahili, beti baada ya beti, macho yakiwa mbele.

Mjukuu wake, mzaliwa wa hapa hapa, alimtazama kwa mshangao kisha akamnong'oneza mama yake: "Nani kamfundisha Bibi wimbo wao?"

Tulilicheka swali hilo kwenye maegesho. Baadaye halikutuchekesha sana, maana tulipojaribu kumjibu mtoto tuligundua kwamba hata sisi watu wazima tulikuwa hatujui barabara wimbo huo ulifikaje Minnesota kabla yetu. Makala hii ni jibu letu kwake, japo limechelewa.

Wimbo ule ni "Mfurahini, Haleluya". Uliandikwa mwaka 1966 na Bernard Kyamanywa, aliyezaliwa mwaka 1938, mwenyeji wa Bukoba, wakati akiwa mwanafunzi wa uchungaji katika Chuo cha Theolojia cha Makumira, karibu na Arusha. Maneno ni ya Kiswahili, sauti ni ya Kihaya. Hauanzi kwa kufundisha wala kukemea, unasimulia: wanawake wamekwenda kaburini, malaika anawaambia wasiogope, wakimbie kuwapa wenzao habari. Kila baada ya sehemu ya hadithi watu wote wanaitikia. Aliyewahi kukaa katika sherehe ya kwetu usiku, msimuliaji akisema na wote wakijibu, ataona mara moja Kyamanywa alikuwa anafanya nini. Aliichukua habari ya Injili na kuipa kiti ambacho hadithi za kwao zilikuwa zinakalia siku zote.

Lakini mwanafunzi huyo hakuanza peke yake. Nyuma yake alikuwako mwalimu mmoja, na hapa ndipo hadithi inapogeuka kuwa ya mji huu. Howard Olson alizaliwa St. Paul, Minnesota, mwaka 1922. Mwaka 1946 alitumwa Tanganyika kuwa mmisionari na Sinodi ya Augustana, kanisa la Kilutheri lililoanzishwa mwaka 1860 na wahamiaji kutoka Uswidi. Makao makuu ya sinodi hiyo yalikuwa Minneapolis, Park Avenue, barabara ambayo baadhi yetu tunaipita kila siku tukienda kazini bila kujua kwamba mambo mengi ya Singida na Kilimanjaro yaliamuliwa pale.

Waswidi hao walifikaje Tanganyika? Kwa sababu ya vita vya watu wengine. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwafukuza wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig waliokuwa Kilimanjaro na Meru, na Augustana wakaombwa kuwasaidia Wakristo walioachwa. Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920, Augustana walihamia Iramba na Turu, eneo ambalo leo ni Mkoa wa Singida. Vita vya Pili vilipokuja Wajerumani wakawekwa kizuizini tena, na Wamarekani hao wakabeba mzigo wa misioni nyingi kwa mara moja. Mchungaji Richard Reusch, yule aliyepanda Kilimanjaro mara nyingi hata shimo la juu ya Kibo likapewa jina lake, alimalizia ualimu wake katika chuo cha Gustavus Adolphus, mji wa St. Peter, mwendo wa saa moja na kitu kutoka hapa. Basi tunapodhani kwamba sisi ndio tuliofungua njia kati ya Tanzania na Minnesota, tukumbuke kwamba njia hiyo ilikuwa na nyayo tangu zamani.

Olson alipelekwa kwa Wanyaturu. Alikuwa na kipaji cha lugha, si cha kujua kuomba maji na kuuliza njia tu, bali cha kusikiliza jinsi neno linavyojengwa. Utafiti wake juu ya sauti na maumbo ya maneno ya Kinyaturu, ambacho wenyewe hukiita Kirimi, ndio uliompatia shahada ya udaktari huko Hartford. Tunalitaja jambo hili kwa sababu bila hilo asingesikia kasoro ambayo wengine waliizoea.

Kasoro yenyewe ni hii. Nyimbo za kanisani zilikuja Afrika Mashariki zikiwa zimevaa sauti za Ujerumani, Uingereza na Uswidi. Maneno yalitafsiriwa, sauti zikabaki zilivyo. Kiswahili, kama msomaji ajuavyo bila kufundishwa, huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Lakini sauti nyingi za Kijerumani huishia kwa kishindo kwenye silabi ya mwisho kabisa. Matokeo yake, katika ubeti baada ya ubeti, "Mungu" anaimbwa kwa kuinuliwa "-ngu", na "Bwana" kwa kuinuliwa "-na". Ukilisema hivyo sokoni watu watakuuliza umetoka wapi. Katika lugha kama Kinyaturu na Kihaya hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Sauti ya kigeni inaweza kulipandisha neno pale linapotakiwa kushuka, likawa neno jingine au lisiwe neno kabisa.

Wazee wetu waliimba hivyo miaka mingi, na tusiwadharau. Walizipenda nyimbo zile, wakafa wakiziimba, na baadhi yetu hata leo tukifiwa hatutaki wimbo mwingine ila zile za Kijerumani tulizolelewa nazo. Tena wengi wao walikuwa wameziacha ngoma kwa hiari yao, kwa kuwa ngoma ilikwenda pamoja na matambiko, na mtu aliyelipa gharama ya kuacha kitu hafurahi kukiona kinarudishwa kwa mlango wa kanisa. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Hata hivyo kuna jambo lililopotea. Mtu aliyeweza kuutikisa uwanja mzima kwa sauti yake katika arusi, akiingia kanisani aliambiwa asimame mstari wa tatu na kufuata noti. Karama aliyokuwa nayo haikuwa na mahali pa kutolewa.

Olson alipokuwa mwalimu wa Makumira katika miaka ya 1960, alikuwa na wanafunzi kutoka karibu kila kona ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililokuwa limeundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba. Wahaya, Wachaga, Wahehe, Wanyaturu, Wairamba, Wapare walikuwa wakila meza moja. Aliwahimiza walete sauti za makwao na kuziandikia maneno ya kumsifu Mungu. Mwaka 1968 chuo kilitoa matokeo ya kazi hiyo katika kitabu kiitwacho Tumshangilie Mungu. Ndani ya kundi hilo la nyimbo ndimo ulimo wimbo wa Kyamanywa, na "Njoo Kwetu, Roho Mwema" wa Wilson Niwagila, mwenyeji mwingine wa Bukoba, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanahistoria wa kanisa.

Sisi huwa tunaposema "karama" tunamfikiria mwenye kuimba, mwenye kuhubiri, mwenye kuponya. Neno lenyewe "talanta" tumelipata kutoka ule mfano wa Mathayo 25, ambamo ilikuwa ni fedha, uzito wa fedha, na mtumishi mmoja akaenda kuizika. Tunavyouona mfano huo kwa mwanga wa Makumira, Olson alikuwa na talanta ya lugha, lakini zaidi ya hiyo alikuwa na karama ambayo haina jina zuri: ya kuwauliza watu wamezika wapi zao. Mwalimu mwenye elimu yake angeweza kuandika kitabu kizima kwa mkono wake mwenyewe na kukigawa. Angepongezwa. Badala yake alikaa na vijana wa miaka ishirini na kitu, wengine wakiona haya kuimba mbele ya Mzungu wimbo ambao mama zao waliuimbia shambani.

Kisha nyimbo zikasafiri. Olson alizitafsiri kwa Kiingereza, kazi ambayo ni ngumu kuliko inavyoonekana, maana Kiingereza kina maneno mafupi mafupi na Kiswahili kina marefu, na kiitikio kisipoangukia pale pale ngoma inapotea. Mwaka 1977 shirika la Augsburg la Minneapolis lilichapa mkusanyo wake Lead Us, Lord, na mwaka 1993 likafuata Set Free. Mwaka 1995 Augsburg Fortress walitoa kitabu cha nyimbo With One Voice, na ndani yake zikaingia "Mfurahini, Haleluya", "Njoo Kwetu, Roho Mwema" na "Neno Lake Mungu". Mwaka 2006 zote tatu zikawekwa tena katika Evangelical Lutheran Worship, kitabu chekundu ambacho utakikuta mgongoni mwa viti katika makanisa mengi ya Kilutheri ya mji huu. Hicho ndicho Bibi yetu alichokifunga siku ile.

Jambo moja linatufurahisha kwa namna ya pekee. Wimbo wa Kyamanywa ulitafsiriwa kwa Kijerumani mwaka 1969 na Ulrich Leupold, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Kanada, na leo uko katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116. Wajerumani walituletea sauti zao tukaziimba kwa mkazo usio wetu. Sasa siku ya Pasaka huko Hamburg na Leipzig wanaimba sauti ya Kihaya, na tunaamini nao wanaweka mkazo pasipo pake. Deni limelipwa.

Si kila kitu ni cha kushangilia. Ukitazama maandishi madogo chini ya baadhi ya nyimbo hizi, jina la mtafsiri lipo, jina la mwenye hakimiliki lipo, na penye sauti pameandikwa tu kwamba ni ya asili, ya Tanzania. Kwa mtaalamu wa vitabu huo ni utaratibu, na mara nyingi hakuna awezaye kusema nani alianzisha sauti iliyopita vizazi vitatu. Lakini "Tanzania" haikutunga wimbo hata mmoja. Kuna mtu alikuwa analima, au anatwanga, au anambembeleza mtoto, na huyo ndiye aliyebariki watu wa Minnesota bila kujua kwamba Minnesota ipo. Katika kikao chetu wako waliosema huo ni wizi. Wengine, na ndio wengi, tulisema kwamba asingekuwako mtu wa kuziandika, nyimbo hizo zingezikwa na wenyewe. Hatukuafikiana, wala hatuoni haja ya kujifanya tuliafikiana. Tunachoona ni kwamba Kyamanywa na Niwagila majina yao yapo, kwa sababu waliandika wakati kuna mtu wa kuwasikiliza.

Wako watakaotukumbusha kwamba Miji Pacha ina daraja jingine na Tanzania, nalo ni kubwa kuliko vitabu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 sharika za Kilutheri za eneo la St. Paul zimekuwa na undugu na sharika za Dayosisi ya Iringa, undugu uliopewa jina la Kiswahili, Bega kwa Bega. Watu wa huku wamechangia ada za wanafunzi wa sekondari, visima, na chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa. Wamesafiri kwenda kule, na wa kule wamekuja huku. Ni kazi njema na hatuna neno baya juu yake. Ila tumesikia zaidi ya mara moja ikielezwa mimbarini kana kwamba baraka hutoka Minnesota kwenda Iringa tu, na tukiwa tumekaa pale nyuma tumetamani mtu afungue kile kitabu chekundu aonyeshe kilichokuja kutoka upande wa pili. Wanaorudi kutoka Iringa wenyewe hulikiri hilo. Ukiwauliza walileta nini, wengi huanza na kwaya.

Sasa turudi nyumbani, yaani hapa. Wale Waswidi wa Augustana waliabudu kwa Kiswidi mpaka wajukuu zao wakawashinda. Kati ya miaka ya 1920 na 1930 sharika zao nyingi zilihamia Kiingereza, moja baada ya nyingine, na mwaka 1962 sinodi yenyewe ikaungana na makanisa mengine na jina lake likaisha. Leo mtu akitaka kuona maisha yao huenda kwenye makumbusho, American Swedish Institute, iliyoko Park Avenue hiyo hiyo. Hawakufanya kosa lolote. Walizaa watoto, watoto wakaenda shule.

Sisi tuko mahali walipokuwa wao. Ibada yetu ya Kiswahili hufanyika mchana, katika ukumbi wa kuazima, baada ya wenyeji kumaliza kahawa yao. Kwaya ina watu kumi na wanane wakija wote, na hawaji wote, kwa sababu wengi ni wauguzi na wasaidizi katika nyumba za wazee, na zamu za Jumamosi usiku ndizo zinazolipa vizuri. Hao ndugu zetu wana siri moja ambayo tuliijua kwa bahati. Wengi huimba kazini. Mzee wa miaka tisini asiyeweza tena kutaja majina ya watoto wake hutulia akisikia wimbo wakati anabadilishiwa shuka, na hajali ni wa lugha gani. Dada mmoja alitueleza kwamba bibi mmoja wa Kizungu, Mlutheri wa tangu kuzaliwa, alikuwa akimwitikia "haleluya" mahali panapostahili kila alipoimba "Mfurahini". Hakuna kwaya, hakuna joho, hakuna mtu wa kurekodi. Saa kumi za usiku.

Mwaka jana kwaya yetu nusura ivunjike kwa ubishi wa kitoto. Vijana walitaka Pasaka tuuimbe wimbo huo kwa Kiingereza, ili rafiki zao waliowaalika waelewe. Wazee wakasema ni aibu kutoka Tanzania kuja kuimba tafsiri ya wimbo wa Tanzania. Maneno yalirushwa. Kijana mmoja akasema, kwa adabu lakini bila kupindisha, "Shikamoo zenu tunaziitikia, baba zetu, lakini mnatuambia tuzipende nyimbo ambazo hamjatufundisha." Ukumbi ulinyamaza. Alikuwa na haki. Tulikuwa tumewapa karatasi zenye maneno, tukadhani tumewapa nyimbo.

Ndipo yule mama wa Kihaya, Bibi wa makala hii, akaombwa aongoze. Alikataa. Alisema yeye hana karama, hajui noti, sauti yake ni ya misibani tu. Mwalimu wa kwaya akamwomba basi asituongoze, atufundishe tu jinsi kwao wanavyoitikia. Hilo alilikubali. Alisimama mbele ya vijana akiwa na mkoba wake mkononi, akaanza, na tukagundua kwamba miaka yote tulikuwa tunaukimbiza wimbo huo. Yeye aliuimba taratibu zaidi, na kabla ya kiitikio alisimama kidogo, pumzi moja, kama mtu anayengoja kuhakikisha wote wamefika.

Tulipomaliza alibaki amesimama. Akasema kuna mwingine, wa kuvuna kahawa, ambao mama yake aliuimba na ambao hauna maneno ya Mungu ndani yake. Akauimba mara mbili. Kijana yule mbishi aliurekodi kwenye simu yake, akamwuliza jina la mama yake ni nani, akaliandika. Jumamosi ijayo tunakutana tena kuutafutia maneno. Mazoezi ni saa tisa alasiri, na walio zamu ya usiku wanaombwa waje hivyo hivyo, hata wakisinzia.